Mradi mkubwa ukiruka majaribio, hasara humwangukia mkulima

HAKUNA mwaka unaopita katika Afrika Mashariki bila mkulima kuletewa habari ya mradi utakaomaliza shida zake. Mara ni zao jipya lisilotaka mvua na lenye soko la uhakika Ulaya. Mara ni shamba kubwa la umwagiliaji litakalolisha nchi nzima, au pampu isiyotumia mafuta wala umeme. Siku hizi zimeongezeka ndege zisizo na rubani za kunyunyizia dawa, na programu za simu zinazodai kumwambia mkulima siku ya kupanda kwa kutumia akili mnemba.

Baadhi ya miradi ya namna hii imefaulu na kubadili maisha ya watu. Mingine imeacha vibao vya barabarani vilivyopauka na matrekta yanayooza porini. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, kubishana kama teknolojia ni nzuri au mbaya hakumsaidii. Linalomsaidia ni kujua namna ya kuutambua mradi wenye mashiko kabla hajatoa shamba lake, akiba yake au nguvu zake.

Miradi mikubwa inapoanguka, mara nyingi husemwa kwamba fedha hazikutosha au wataalamu walikosekana. Kumbukumbu za miradi kadhaa mikubwa tangu miaka ya 1940 zinaonyesha vingine. Fedha zilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni msimu mmoja au miwili ya kujaribu kwa kiwango kidogo, pamoja na hesabu ya mambo ya kawaida kabisa: maji, udongo, vipuri, na nani atabeba hasara mambo yakiharibika.

Karanga za Kongwa

Mfano unaojulikana zaidi ni Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake walikuwa wakiyapata kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya nchi hiyo wazo la kulima karanga kwa mitambo katika mapori ya Afrika Mashariki.

Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulikuja kukagua. Baada ya ziara ya wiki tisa hivi, ulipendekeza zifyekwe zaidi ya ekari milioni tatu katika miaka sita, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa takribani pauni milioni 25 za Uingereza.

Kazi ilianza Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma wa leo, mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Sababu hazikuwa za ajabu. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yamechoka na hayana vipuri vya kutosha. Mizizi ya vichaka vya Kongwa iliyavunja majembe yake, na ndani ya miezi michache sehemu kubwa ya mitambo ikawa imelala karakana. Ilifika mahali vifaru vya kijeshi aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, navyo havikuokoa jahazi.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa udongo. Karanga huchanua juu ya ardhi, kisha vikonyo vyake hushuka na kujichimbia udongoni, na huko ndiko punje hukomaa. Kwa hiyo hutaka udongo tifutifu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na mvua zikikatika hukauka na kuwa mgumu kama tofali. Hata karanga zilizokomaa ziligoma kung'oka. Mvua nazo ni za kubahatisha, jambo ambalo Wagogo wa eneo hilo, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele, walilijua kwa vizazi vingi.

Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango huo, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga iling'olewa katika miaka ya 1960. Kilichobaki na faida hadi leo ni bandari ya Mtwara, ambayo sasa husafirisha korosho. Sehemu ya ardhi ya Kongwa iligeuzwa kuwa ranchi, ikarudi kwenye kazi ile ile ya ng'ombe ambayo wenyeji waliifanya tangu mwanzo.

Shamba la majaribio la ekari 500, likilimwa kwa misimu miwili, lingeonyesha karibu matatizo yote hayo kwa gharama ndogo sana. Lakini viongozi wa wakati huo walikuwa na haraka ya mafuta, na jaribio lilionekana ni kupoteza muda.

Saa 27 kwa siku

Kosa hilo halikuisha na ukoloni. Nchini Afrika Kusini ilibuniwa pampu ya maji iliyopewa jina la PlayPump. Watoto wangecheza kwenye bembea ya kuzunguka, mzunguko wao ungevuta maji kutoka kisimani hadi kwenye tenki la juu, na matangazo ya biashara yaliyobandikwa kwenye tenki yangelipia matengenezo. Wazo lilipendeza. Mwaka 2000 lilipata tuzo ya Benki ya Dunia, na mwaka 2006 ikatangazwa Marekani ahadi ya dola milioni 16.4 za kulieneza. Lengo lilikuwa kufunga pampu 4,000 katika nchi 10 za Afrika ifikapo mwaka 2010.

Hesabu ya darasa la saba ingetosha kuzua maswali. Watengenezaji walisema pampu moja hutoa hadi lita 1,400 kwa saa na inaweza kuhudumia watu 2,500. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 2,500 wanahitaji basi lita 37,500. Ukigawa kwa 1,400 unapata karibu saa 27 za kucheza bila kupumzika, na siku ina saa 24. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha hesabu kama hiyo mwaka 2009.

Vijijini mambo yalikwenda kama ambavyo mama yeyote anayechota maji angeweza kutabiri. Watoto walikwenda shule au walichoka, na wanawake wakabaki kuizungusha bembea kwa mikono, kazi ngumu kuliko kupiga pampu ya kawaida. Matangazo hayakupatikana, kwa kuwa ni mfanyabiashara gani atalipa kutangaza bidhaa mahali ambapo wateja hawana fedha za kuinunua? Pampu ilipoharibika, fundi wa kijiji hakuwa na vipuri wala ujuzi wake. Nayo iliuzwa kwa takribani dola 14,000, bei inayotosha kununua pampu kadhaa za mkono.

Mwaka 2010 shirika lililokuwa likiieneza lilisitisha kazi, na mfuko wa Case wa Marekani, uliokuwa miongoni mwa wafadhili wakuu, ulikiri hadharani kwamba lengo halikufikiwa. Kukiri huko ni jambo la kusifiwa, kwani wafadhili wengi huondoka kimya kimya.

Ekari milioni moja na maji ya wapi?

Kenya nayo ina somo lake. Mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, katika kaunti za Tana River na Kilifi. Ndoto ilikuwa kumwagilia ekari milioni moja na kumaliza upungufu wa mahindi. Kampuni ya Green Arava ya Israeli ilipewa kandarasi ya zaidi ya shilingi bilioni saba za Kenya kuanzisha shamba la mfano la ekari 10,000. Kufikia mwaka 2020 kampuni hiyo ilikuwa imeondoka bila kazi yote kukamilika, kukiwa na mvutano kuhusu malipo. Baadaye serikali ikageukia wawekezaji binafsi.

Hapa lazima haki itendeke. Tofauti na Kongwa, Galana ilianza na shamba la mfano, na shamba hilo lilifanya kazi yake ya kuonyesha ugumu uliopo. Laiti ekari milioni moja zingefyekwa kwa mkupuo, hasara ingekuwa kubwa mara nyingi zaidi. Lakini ekari 10,000 kwa mabilioni si jaribio dogo, na swali la maji lingeweza kupimwa kwa kalamu na karatasi kabla ya trekta la kwanza kuwashwa.

Mahindi yanahitaji si chini ya milimita 500 za maji kwa msimu, yaani kina cha nusu mita kwenye shamba lote. Ekari moja ina takribani mita za mraba 4,000, hivyo inataka mita za ujazo 2,000. Ekari milioni moja zinataka mita za ujazo bilioni mbili kwa msimu mmoja tu, bila kuhesabu maji yanayopotea mferejini. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, ambalo ni miongoni mwa mabwawa makubwa zaidi ya Kenya, likijaa kabisa hubeba takribani bilioni 1.5. Mto Galana, ambao hupungua sana wakati wa kiangazi, haukuwa na bwawa la kiwango hicho.

Mbono na ardhi ya kijiji

Katika mifano hiyo mitatu, hasara kubwa ilikuwa ya fedha za serikali na wafadhili. Kwa zao la mbono, hasara iligusa ardhi ya wanakijiji moja kwa moja.

Katika miaka ya 2000, bei ya mafuta ya petroli ilipokuwa ikipanda, kampuni za Ulaya zilikuja Tanzania kutafuta ardhi ya kulima mbono kaburi kwa ajili ya dizeli ya mimea. Ilisemwa kwamba mti huo hustawi kwenye ardhi kame isiyofaa kwa chakula. Ni kweli kwamba mbono hauwezi kufa kirahisi, na ndiyo maana wazee waliupanda kama wigo na alama ya makaburi. Lakini mti kubaki hai ni jambo moja na kuzaa mbegu za kutosha ni jambo jingine. Bila maji na mbolea mbono huzaa kidogo mno, na ukipewa maji na mbolea unashindana na mahindi kwa ardhi ile ile nzuri.

Wilayani Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji kadhaa. Mwaka 2011 shughuli zilisimama, na mamia ya vibarua wakapoteza ajira. Wilayani Kilwa kampuni ya Bioshape ya Uholanzi nayo ilisimamisha kazi baada ya miaka michache.

Kampuni ilipoanguka, wanakijiji waligundua jambo ambalo wengi wao hawakuelezwa vizuri mwanzoni. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, ardhi ya kijiji inayotolewa kwa mwekezaji wa kigeni lazima kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, hairudi kijijini yenyewe eti kwa sababu mradi umekufa. Mwekezaji anaweza kuuza hisa zake na kwenda kutafuta faida kwingine. Mwanakijiji aliyekuwa akichoma mkaa, kukata nguzo, kuchota maji na kuchimba dawa kwenye pori lile hana pa kwenda.

Wakulima wadogo waliopanda mbono kwenye mashamba yao walikumbana na tatizo jingine. Mbegu za mbono ni sumu. Mnunuzi asipokuja, mahindi yanaweza kuliwa au kupelekwa gulioni, lakini mbono hauliwi na mtu wala mbuzi.

Wenye shaka nao hukosea

Pamoja na hayo, mkulima anayekataa kila kitu kipya naye hupata hasara. Mwaka 2005, wazo la kuweka fedha kwenye simu ya mtu asiye na akaunti ya benki lingeweza kuonekana ndoto ya mchana. Leo mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula hulipwa kutoka Dar es Salaam bila kupanda basi.

Inafaa kukumbuka jinsi M-Pesa ilivyoanza. Haikuanza kwa kuzinduliwa nchi nzima. Safaricom na Vodafone, kwa msaada wa fedha za Uingereza, walianza Oktoba 2005 kwa jaribio la wateja wasiofikia 500 hivi na mawakala wachache, Nairobi na Thika wakiwamo. Lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu kulipa marejesho yao. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, ikiwamo kutumiana fedha. Wenye mradi walitazama, wakasikiliza, wakabadili mpango. Machi 2007 huduma ilizinduliwa rasmi Kenya ikiwa ya kutuma fedha, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Laiti wangeng'ang'ania wazo la kwanza, huenda ingebaki huduma ndogo ya kulipia mikopo.

Hata ujenzi mkubwa usioweza kuanza kidogo kidogo unaweza kukamilika. Wazo la kuzuia maji ya Mto Rufiji lilizungumzwa kwa miongo mingi, na wengi waliamini halitatimia. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikawa imekamilika. Walioamini kwamba halijengeki walikosea. Waliouliza kuhusu wakulima wa mpunga wa bonde la chini, ambao mashamba yao hutegemea mafuriko ya msimu, hawakukosea kuuliza. Kuuliza kama kitu kinajengeka na kuuliza kitamgusa nani ni mambo mawili, na jibu la moja si jibu la jingine.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Teknolojia zinazouzwa kwa wakulima leo ni ndogo kuliko Kongwa, lakini zinaweza kupimwa kwa maswali yale yale.

La kwanza ni mahali ilipojaribiwa. Jaribio la Israeli au la Arusha halitoshi kwa mkulima wa Singida. Aombe kuonyeshwa shamba lenye udongo na mvua kama zake, lililotumia kifaa hicho kwa misimu mitatu, na azungumze na mwenye shamba bila muuzaji kuwapo. Chukua mfano wa kitalu nyumba cha nyanya. Mwaka wa kwanza hupendeza macho. Nyanya zikirudiwa humo humo msimu hadi msimu, ugonjwa wa mnyauko bakteria hujijenga udongoni, na nailoni ya juu haiuzuii. Aliyetembelea kitalu cha mwaka wa kwanza peke yake hajaona kitu.

La pili ni maji. Mboga kwenye ekari moja wakati wa jua kali zinaweza kutaka milimita nne kwa siku. Hiyo ni lita 16,000, sawa na madumu 800 ya lita 20, kila siku. Kisima kinachotoa lita 1,000 kwa saa kitatakiwa kuvutwa saa 16. Ikiwa pampu ni ya sola, jua la kutosha halidumu saa 16. Hapo mkulima ajue kwamba anaweza kumwagilia robo ekari au zaidi kidogo, bila kujali kipeperushi kinasema nini.

La tatu ni vipuri na fundi. Kifaa kikiharibika mwezi Februari mimea ikiwa shambani, fundi yuko umbali gani, na kipuri kinauzwa katika mji upi? Kama jibu ni kuagiza kutoka nje ya nchi, gharama ya kifaa si ile iliyoandikwa kwenye bei. Ni bei pamoja na msimu mmoja utakaopotea. Kwa mfanyabiashara mdogo, swali hili linaweza pia kuwa fursa. Pikipiki zilienea vijijini kwa sababu duka la vipuri na gereji viliwahi kufika karibu na kila mnada.

La nne ni soko. Mnunuzi mmoja aliyeahidi bei nzuri asipofika, zao hilo litaliwa, litahifadhiwa, au litauzwa kwingine? Zao lenye mnunuzi mmoja linamfanya mkulima kuwa kibarua asiye na mshahara.

La tano, na zito kuliko yote, ni hasara kuwa ya nani. Muuzaji anayekiamini kifaa chake atakubali mkulima aanze na robo ekari, au alipe baada ya mavuno, au arudishe kifaa kisipofanya kazi. Anayetaka fedha zote mwanzoni, au anayesisitiza kwamba nafasi ni chache na mwisho ni kesho, anamwachia mkulima hasara peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo ahadi zote ziandikwe na pande zote zitie saini.

Kwa mradi unaotaka ardhi ya kijiji, mahali pa kuuliza maswali haya ni mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya muhtasari kusainiwa. Wanakijiji waulize mwekezaji ataanza na hekta ngapi na kwa nini anahitaji nyingine zote sasa hivi. Waulize ardhi hiyo itakuwa ya nani mradi ukisimama, na jibu liandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yanayoeleweka. Watake pia nakala ibaki ofisi ya kijiji. Mwekezaji mwenye nia njema atakuwa na majibu hayo tayari. Asiye nayo apewe muda akayatafute, kwa sababu pori lililokaa miaka mingi linaweza kumngojea msimu mmoja zaidi.